Kinywa cha Bomani

Waliokosa gazeti la juma lililopita wasinune, tutawapakia njiani. Tulimwacha Raymundi, mkalimani wa boma, amesimama mbele ya watu wasiopungua mia sita, na kidole cha Bi Nyamizi wa Isenga kimemwelekea kifuani.

Kidole hicho bado hakijashuka.

"Ndiye huyu!" alisema Bi Nyamizi kwa Kinyamwezi, na sauti yake ikafika hadi ng'ambo ya uwanja. "Maneno yetu aliyala huyu. Aliyala akayamaliza, hakubakiza hata makombo!"



Ilikuwa siku ya nne ya Madaraka. Tangu Jumatatu Tanganyika ilikuwa na serikali yake yenyewe, ingawa bendera mlingotini ilikuwa ileile, na Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa bado anakunywa chai kwenye baraza ya nyumba ileile. Dar es Salaam ilikuwa imeagiza kila boma lipeleke simu ya maandishi kueleza wananchi wamezipokeaje siku za kwanza za serikali mpya. Ndiyo sababu watu waliitwa.

Mwenye mkutano alikuwa Justus, kijana wa Bukoba, msomi wa Makerere, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Bwana Shauri Msaidizi. Aliteremka kwenye treni Jumapili. Jumanne mji ulikuwa umekwisha kumbatiza jina: Bwana Madaraka.

Kabla ya Bi Nyamizi walikuwa wamesimama wasemaji kumi na watatu. Mmoja aliuliza kama kodi ya kichwa imekufa au imelala tu. Wa pili alitaka kujua nyumba ya Bwana Shauri atapewa nani, maana yeye ana watoto tisa. Wa tatu alieleza kuwa tangu Jumatatu hamwamkii jumbe wake, na hajapatwa na jambo lolote, kwa hiyo anaona serikali mpya inakwenda vizuri. Mama mmoja wa upande wa Kipalapala aliiomba Serikali imrudishie mumewe aliyekwenda mkonge Tanga mwaka hamsini na mbili.

Yote hayo Bwana Madaraka aliyaandika kwenye daftari lake chini ya kichwa kimoja: Furaha ya Wananchi.

Sasa alimtazama bibi huyu mwenye kidole, akamgeukia Raymundi. Kiingereza Justus alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa nacho, na Kihaya cha nyumbani alikuwa nacho. Kinyamwezi hakuwa nacho hata cha kuombea maji.

"Anasema nini mama huyu?"

Raymundi akahisi shati linamganda mgongoni. Miaka ishirini na miwili alikuwa amefasiri ugomvi wa mipaka, talaka, wizi wa mizinga ya nyuki na vifo vya ng'ombe. Hakuwahi hata siku moja kutakiwa kufasiri mashtaka yake mwenyewe.

Kinywa kikafunguka chenyewe, kama mlango uliozoea mkono mmoja.

"Anasema... watu wa Isenga wanaishukuru sana Serikali."

Kisha uwanja mzima ukapasuka.

Watu walicheka wakashikana mabega. Twalibu, fundi cherehani wa Gongoni, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta, alianguka upande wa pili, na kicheko chake kikasikika kikiendelea huko huko chini. Hapo ndipo Raymundi alipotambua kosa lake. Miaka yote alifasiri ndani ya ofisi, mlango umefungwa: Mzungu, mwenye shauri, na yeye katikati. Leo alikuwa anafasiri kwenye jua, mbele ya watu mia sita walionyonya Kinyamwezi kwa mama zao.

"Bwana Madaraka!" Twalibu alipiga kelele, kichwa chake kikichomoza tena juu ya ukuta. "Mama huyo hajamshukuru mtu! Kasema mkalimani wako ni mla maneno!"

"Kimya!" Justus akapiga meza. "Raymundi, ni kweli?"

Aliyejibu alikuwa Bi Nyamizi, na alijibu kwa Kiswahili cha Tabora kilichonyooka kama reli.

"Ni kweli, mwanangu."

Justus akashtuka. Akakumbuka adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiswahili ninakijua. Baba yangu alikuwa mpagazi, alikwenda Bagamoyo akarudi mara tatu, na nyumbani alitugombeza kwa Kiswahili. Nimesema Kinyamwezi makusudi. Nilitaka nimsikie tena, na safari hii asisikiwe na mimi peke yangu."

Akainama, akafungua kanga iliyofunga mzigo mpana miguuni pake. Ilikuwa picha ya Mfalme wa Uingereza, ndani ya fremu ya dhahabu, na kioo chake hakikuwa na ufa.

"Mwaka arobaini na tisa," alisema, "kisima chetu cha Isenga kilititia. Ni kile cha njia ya misafara, walikichimba wapagazi zamani. Tukaja hapa wanawake saba kwa miguu. Bwana Shauri wa siku hizo alikuwa mgeni, Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai, basi tukapewa huyu. Tukamwambia: kisima kimekufa, maji tunayafuata asubuhi tunarudi adhuhuri, mtoto ametumbukia kwenye dimbwi akafa. Tunaomba saruji na fundi. Huyu akazungumza na Mzungu. Mzungu akasimama, akatupa mkono mmoja mmoja, machozi yanamlengalenga. Tukasema, leo tumesikiwa."

Akaiinua picha juu, watu waione.

"Baada ya mwezi likaja lori. Tukapiga vigelegele, tukijua ni saruji. Wakashusha hii."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Miaka kumi na miwili nampangusa vumbi. Nasikia mwenyewe alikwisha kufa. Nimewarudishia. Mimi nataka kisima changu."

Justus akamgeukia Raymundi polepole. "Lete faili la Isenga."

Hakuna mwingine aliyejua lilipo, kwa hiyo mshtakiwa alikwenda mwenyewe kuleta ushahidi. Njia kutoka uwanjani hadi ofisini ilikuwa hatua arobaini. Raymundi alizitembea kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Alirudi na faili lililofungwa kamba nyekundu, akamkabidhi kijana aliyeweza kuwa mwanawe.

Justus alisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, kisha kwa Kiswahili kwa sauti:

"'Wanawake saba wa Isenga wamefika kumshukuru Mfalme kwa amani na kwa mvua njema. Hawana ombi lolote, ila wangefurahi mno kupata picha yake.'"

"Mvua njema?" aliuliza Bi Nyamizi. "Mwaka ule wa ukame? Tulikula mizizi mwaka ule!"

Hapo mkutano ukaharibika. Warina asali wakasimama wote pamoja. Wao waliomba msitu wao ufunguliwe. Faili lao limeandikwaje? Likaletwa. Lilisema wanashukuru msitu kufungwa, kwani nyuki walikuwa wakiwasumbua. Watu wa ng'ambo ya reli waliomba jumbe wao aondolewe kwa ulevi; faili lilisema wanampenda sana na wanasikitika kumwona akitembea kwa miguu.

"Kumbe ndiyo maana alipewa baiskeli!" mtu akalia.

"Na sisi baiskeli hiyo ilituvunjia mitungi!" akaitikia mwingine.

Justus akafunga faili la sita. "Nimesoma historia ya mataifa mengi," alisema, "lakini sijapata kusoma habari za watu wenye shukrani kama hawa."

"Afukuzwe!"

"Afungwe!"

"Apewe picha!" alisema Twalibu.

Raymundi akainua mkono. Hakujua kama angesikilizwa.

"Nilipoingia kazi hii," alisema, "aliyenitangulia alikuwa Elieza. Wazee mnamkumbuka. Siku moja mzee wa shamba alisema, mwambie huyu Mzungu anatuamulia mambo asiyoyajua. Elieza akalifasiri kama lilivyo. Mzee yule alirudi kwake salama. Elieza alifukuzwa siku ileile, vyombo vyake vikatupwa nje, akamaliza maisha akichota maji pale stesheni. Lile neno halikumdhuru aliyelisema. Lilimdhuru aliyelisema kwa Kiingereza."

Akashusha mkono.

"Mimi nilikuwa nimeoa juzijuzi. Mke wangu Apolinaria alikuwa mjamzito. Nikasema nitatia asali kidogo tu ndani ya dawa, ili Bwana ainywe. Mwaka wa kwanza asali kidogo. Mwaka wa pili asali zaidi. Mwisho dawa ikatoweka, nikawa ninamnywesha asali tupu."

Kelele zikapungua, lakini macho hayakulainika.

"Basi utaondoka leo hii," Justus akasema. "Serikali ya Madaraka haiwezi kukaa na..."

"Hapana, mwanangu," Bi Nyamizi akamkata. "Mimi sikuja kufukuzisha mtu. Akienda huyu, nitabaki na nini? Aandike. Leo, hapa, mimi nikimwona."

Meza ikasogezwa. Raymundi akakaa, akachukua kalamu. Bi Nyamizi akasimama begani kwake, yeye asiyejua kusoma, akimwamuru kama mwalimu wa chuo.

"Umeandika kisima kimetitia?"

"Nimeandika."

"Umeandika mwendo wa asubuhi mpaka adhuhuri?"

"Nimeandika, mama."

"Umeandika mtoto alikufa?"

Kalamu ikasimama. "Nimeandika."

"Andika na jina lake. Maua. Alikuwa wangu."

Jina hilo Raymundi alikwisha kulisikia. Mwaka arobaini na tisa, ndani ya ofisi ile, mwanamke huyu huyu alikuwa amelitaja, naye akaligeuza mvua njema.

Akaliandika.

"Nionyeshe lilipo."

Akamwonyesha. Bi Nyamizi akaweka kidole chake kando ya jina hilo, akakiacha hapo mpaka wino ukakauka.

Justus akaichukua karatasi, akaiinua juu kwa mikono miwili. "Wananchi! Hii ndiyo serikali yenu! Neno la mwananchi litafika Dar es Salaam kama lilivyotoka kinywani mwake!"

Shangwe ikapanda hadi kwenye miembe ya Wajerumani. Watu walimbeba Bwana Madaraka begani wakamzungusha uwanja mara mbili, na yule mwenye watoto tisa akatumia nafasi hiyo kumkumbusha habari ya nyumba.

Haya. Shangwe zimekwisha, watu wametawanyika. Sasa mlango wa ofisi umefungwa, na ndani mna watu wawili tu.

Justus alilegeza tai. Alisoma karatasi ya Isenga mara ya pili.

"Bwana Raymundi, Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu."

"Asante, bwana."

"Lakini hii haiwezi kwenda."

Raymundi alidhani hakusikia vizuri.

"Fikiri mwenyewe," Justus alisema, akitembea kutoka dirishani hadi kabatini. "Leo siku ya nne. Wilaya zote zinapeleka ngoma na vigelegele. Mimi nipeleke kisima kilichotitia na mtoto aliyekufa? Watasema kijana wa Makerere ameshindwa kushika wilaya hata juma moja halijaisha. Wazungu watacheka."

"Lakini umewaahidi watu, bwana. Umesema litafika."

"Nimesema litafika. Sikusema lini."

Akakaa. Sauti yake ikashuka, ikawa ya heshima.

"Mzee wangu, nisaidie. Andika kwamba wananchi wa wilaya hii wanaishukuru Serikali yao kwa moyo mmoja. Hakuna mtu Tanganyika nzima anayejua kuyaandika hayo kuliko wewe."

Msomaji, kuna sifa zinazouma kuliko kofi. Raymundi aliandika. Na kilichomtisha ni kwamba maneno yalikuja yenyewe, laini, bila kufuta hata herufi moja. Justus akatia sahihi, akamwambia aipeleke posta kabla dirisha halijafungwa.

Alitoka na karatasi mbili mfukoni, maana ile ya Isenga ilibaki mezani naye akaiokota bila kujua kwa nini.

Bi Nyamizi alikuwa ameketi ngazini.

"Inakwenda?" aliuliza.

"Inakwenda," Raymundi akajibu, akapita haraka bila kumtazama. Hakugeuka nyuma, kwa hiyo hakuona kwamba bibi amesimama, amejifunga kanga yake, na anamfuata.

Kwenye dirisha la posta alikuwapo Shomari, mpeleka simu, aliyekuwa amepeleka simu zote za boma tangu vita kwisha.

"Ya boma? Lete."

Raymundi akatia mkono mfukoni. Vidole vyake vilizitambua karatasi zote mbili. Moja ilikuwa nyororo, ya ofisi, yenye mhuri. Nyingine ilikuwa imekunjamana pembeni, pale kidole cha bibi kilipokaa.

Alimfikiria Elieza na ndoo zake. Alifikiria nyumba ya serikali anayoishi, vyumba vitatu na bati juu. Akatoa karatasi. Aliitazama mwenyewe ili aone ni ipi.

Shomari akaisoma. Akaisoma tena. Akainua miwani.

"Bwana Raymundi, una hakika? Hii haina shukrani ndani yake."

"Nina hakika. Chini uweke jina la Bwana Justus, ndiye mwenye mkutano."

Mashine ikaanza kugonga.

Jioni hiyo Apolinaria alimwandalia mumewe ugali na mlenda. Habari za uwanjani alikwisha kuzisikia sokoni. Alimwacha anawe, akae, avunje tonge la kwanza.

"Wakitutoa hapa tutakaa wapi?" aliuliza.

"Sijui."

Apolinaria akamsogezea mlenda.

"Basi kula, usije ukahama na njaa."

Ijumaa, saa tatu na nusu ya asubuhi, Justus alitoka ofisini mbio na simu mkononi, tai imepaa begani.

"Bwana Raymundi! Bwana Raymundi! Waziri anakuja! Sikiliza: 'Simu yako imenigusa sana. Ninafika kwa treni kesho Jumamosi. Nitazuru Isenga.' Unaona nguvu ya shukrani? Nataka matao ya majani kutoka stesheni hadi bomani! Mawe ya njiani yapakwe chokaa! Wanakwaya wote, Wakatoliki na Wamoravi, waimbe pamoja, na wasigombane! Isenga wapelekewe..."

Akairudia simu. Tabasamu likaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Kwa nini Isenga? Mimi sikutaja Isenga."

Hapa Raymundi angeweza kusema mengi. Alikuwa na ufundi wa miaka ishirini na miwili wa kugeuza jambo. Angeweza kusema Shomari amekosea, au waya umechanganya. Yote yalimjia ulimini, yamepangika tayari.

"Simu iliyokwenda siyo uliyotia sahihi," alisema. "Nilipeleka ya bibi."

Justus akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwa jina la nani?"

"Kwa jina lako, bwana."

Raymundi alisubiri kufukuzwa. Alikuwa amekwisha kukivua kitambulisho cha shaba kifuani na kukishika mkononi.

Lakini uso wa Justus ulikuwa unafanya hesabu nyingine. Alisoma tena yale maneno: simu yako imenigusa sana. Simu yako. Kidogo kidogo tabasamu likarudi, safari hii na meno yote.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeipeleka," alisema.

"Bwana?"

"Tangu jana nilisema mbele ya watu mia sita: neno la mwananchi litafika kama lilivyotoka. Nilisema au sikusema? Na limefika!" Akasimama, akajipangusa suruali. "Vaa kitambulisho chako, mzee wangu. Mlete bibi yule. Apewe chai na mkate, apewe kanga mpya, kesho asimame karibu nami waziri akishuka. Nitamweleza mwenyewe jinsi nilivyolala bila usingizi kwa ajili ya kisima chake."

"Bibi hayupo."

"Yuko wapi?"

"Stesheni. Alinifuata posta jana, akamwomba Shomari amsomee kilichokwenda. Alfajiri ya leo akamwendea tena kuuliza kama kuna jibu, akasomewa simu ya waziri. Shomari ndiye aliyenieleza. Sasa anapanda treni ya saa nne kwenda Itigi, njia ya Dar es Salaam. Amesema atamngoja waziri huko huko, waongee ndani ya behewa, kabla hajafika kwa watu wa kumfasiria."

Justus alitazama saa. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

"Landrova!"

"Landrova limekwenda na makasha ya Bwana Shauri, bwana. Mwingereza anasafirisha mizigo yake."

"Kuna nini kingine?"

Kulikuwa na baiskeli ya Raymundi.

Waliokuwapo Gongoni asubuhi hiyo mpaka leo wanasimulia. Mkalimani wa boma anasukuma pedali, jasho linamtiririka hadi ndevuni, na nyuma kwenye keria amekaa Bwana Madaraka, amenyanyua viatu vyake vya ngozi visiguse vumbi, mkono mmoja kiunoni kwa mzee, mkono wa pili ukishika kofia. Cherehani zote zilisimama.

"Madaraka hiyoo inapita!" Twalibu alipaza sauti. "Mpisheni! Bado haijajua kuendesha!"

Walifika stesheni treni imeanza kutambaa. Kwenye dirisha la daraja la tatu, kati ya tenga la kuku na gunia la karanga, Bi Nyamizi alikuwa ameketi wima kama hakimu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda treni, na alikuwa ameshika fremu ya dirisha kwa nguvu zote.

Justus akaruka kutoka kwenye keria, akakimbia, kofia ikaruka kwake na yeye kwake. Akaudaka mlango wa behewa, akaning'inia, akapanda. Akageuka na kunyoosha mkono.

"Panda, Raymundi! Panda! Utanifasiria!"

Raymundi alikimbia hatua tano pamoja na treni. Kisha akapunguza. Kisha akasimama.

"Anajua Kiswahili, bwana!" alipiga kelele. "Msikilize tu!"

Behewa la mwisho likapita. Mkono wa Justus ulikuwa bado umenyooshwa treni ilipokata kona. Raymundi akainama kushika magoti, akihema, na akagundua kwamba anacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini saa za kazi.

"Raymundi."

Kicheko kikamkauka. Hakuhitaji kugeuka ili aijue sauti hiyo.

Bwana Shauri, Mwingereza, alikuwa amesimama kwenye kivuli cha bohari, kiko mdomoni, askari wawili nyuma yake. Alizungumza Kiswahili sanifu, cha kitabu, kisicho na haraka. Kando yake yalikuwa makasha kumi na moja yakingoja treni ya mizigo.

"Mimi nimekaa hapa miaka mitatu," alisema. "Kesho waziri atataka kujua mambo ya Isenga. Kesho kutwa atataka kujua mengine. Sipendi mgeni asumbuliwe na karatasi za zamani. Uwasaidie vijana hawa kupakia."

Raymundi akayatazama makasha. Kumi yalikuwa ya vitabu na sahani. La kumi na moja lilikuwa halijapigiliwa misumari vizuri, na kwenye upenyo wa kifuniko ilichungulia kamba nyekundu. Kamba hiyo aliijua. Alikuwa ameifunga mwenyewe, kila faili, kwa fundo lake la siku zote.

Shukrani zote za wilaya zilikuwa zinasafiri kwenda Ulaya. Bi Nyamizi angemweleza waziri habari za miaka kumi na miwili, na waziri angekuja bomani kutafuta, akute kabati tupu na mkalimani mwenye sifa ya uongo.

Akalisogelea kasha. Askari mmoja, akidhani anakwenda kulibeba, akampisha.

Raymundi akakaa juu yake.

"Raymundi, inuka hapo," alisema Bwana Shauri, bila kupandisha sauti.

Kulikuwa na neno moja ambalo watu wa Isenga walilisema mbele yake, na warina asali walilisema, na watu wa ng'ambo ya reli, wengine wakilia, naye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulivusha hadi upande wa pili. Sasa alimtazama Mzungu machoni, akalisema kwa Kiingereza, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili askari nao walielewe.

"Hapana."

Bwana Shauri akatoa kiko mdomoni, akawaashiria askari. Nao, kabla hawajapiga hatua, wakatazamana. Tukutane gazeti la juma lijalo.